Zamu ya Kame

Jumatatu, 3 Machi

Kesho! Kesho saa kumi jioni nakuwa mwalimu wa Kijapani, na anayetaka kunicheka anicheke leo, maana kesho sitakuwa na nafasi ya kumsikiliza.

Mambo yako hivi. Shule inayofundisha kwa mtandao imenipa watoto watano na muhula mmoja wa majaribio: masomo ishirini, kila Jumanne na Ijumaa. Somo la ishirini litakuwa na mkaguzi. Nikifaulu, watoto ni wangu mwaka mzima. Nikishindwa, watagawiwa walimu wengine, na mimi nitarudi kwenye meza ya mapokezi ya zahanati kuwauliza watu wanaumwa wapi.

Miaka tisa nimejifunza lugha hii, kwanza kwa kitabu kisicho na jalada, kisha kwa madarasa ya jioni, kisha kwa mitihani iliyonikondesha. Miaka tisa nimeulizwa swali moja tu: "Kijapani utaongea na nani?" Haya basi, nimepata wa kuongea nao. Mkubwa wao ana miaka tisa.

Nimesogeza kitanda, nimetundika shuka jeupe mbele ya kabati, nimeweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa ili kamera inifikie usoni. Wifi yangu alichungulia mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akauliza kama najiandaa kupiga picha ya pasipoti. Yeye ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Mume wangu, kaka yake, ni dereva wa lori na huonekana nyumbani siku mbili kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba hii ni ya wanawake wawili na cherehani moja, na kati ya hao watatu mimi ndiye mpole. Nimemwomba asishone kuanzia saa kumi. Kasema atafikiria.

Jumanne, 4 Machi

Nimefundisha! Shuka bado limetundikwa, nimekaa chini yake naandika.

Kwanza majina. Kila mtoto amechagua mnyama, na mnyama huyo kwa Kijapani ndilo jina lake la darasani. Neko ni paka, msichana wa miaka saba anayetaka pua yake iguse kamera. Usagi ni sungura, ana miaka tisa, na asichokijua leo atakijua kesho asubuhi. Tora ni chui milia, mvulana mwenye sauti ndogo kuliko ya mbu. Saru ni kima, na alilistahili jina hilo kabla hajalichagua. Wa mwisho ni Kame, kobe, mvulana wa miaka minane. Nilimuuliza anataka mnyama gani. Akafikiri. Akaendelea kufikiri. Nikadhani mtandao umekatika na picha imeganda. Ndipo akapepesa macho akasema, "Kobe."

Pili, zamu. Hili nimelitoa kwenye madarasa ya Japani yenyewe. Kila siku mtoto mmoja ana zamu, na yeye ndiye anayefungua somo na kulifunga. Akisema "Kiritsu", wote tunasimama. Akisema "Rei", tunainama. Akisema "Chakuseki", tunaketi. Mwishoni anasema sentensi moja ya kwake kuhusu siku hiyo, tunainama tena, tunaachana. Mwalimu naye anatii. Mstari ni Neko, Usagi, Tora, Saru, Kame, halafu tunarudi mwanzo. Nimewaapia kuwa mstari huo haubadiliki, hata aje nani.

Neko aliposema "Kiritsu" tukasimama wote sita, na kwenye skrini vikabaki vitumbo sita. Hakuna aliyekuwa amefikiria habari ya vichwa. Tulipoinama vichwa vikashuka kutoka juu kama vya watu wanaochungulia kisima. Saru alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini. Mimi pia nilicheka, sijui kama mwalimu wa majaribio anaruhusiwa.

Cherehani haikulia. Wifi anasema ni kwa sababu uzi ulikwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu ya Usagi. Kila kitu sawasawa. Nina furaha hadi nimefua mapazia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Saa kumi na dakika kumi na mbili, Tora akiwa na zamu, tone la kwanza liligonga paa. La pili. Kisha mtu akamwaga gunia la kokoto juu ya nyumba.

Paa letu ni bati tupu. Nimeishi chini yake miaka sita na sikuwahi kulichukia. Leo nilipiga kelele "Kore wa nan desu ka?", yaani hii ni nini, nikiwa nimeinua picha ya kiatu, na watoto wote watano wakaziba masikio. Neko alilia kidogo. Mamake aliingia kwenye kamera akauliza kama nyumba yangu inaungua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, saa kumi kamili, kana kwamba na yeye amejiandikisha darasani. Nimepandisha godoro juu ya paa. Godoro limelowa. Sauti haijapungua.

Jumanne, 18 Machi

Zamu ya kwanza ya Kame. Nisiseme mengi. Kati ya "Kiritsu" na "Rei" nilikuwa nimesimama muda mrefu mpaka nikaona utando wa buibui juu ya kabati, nikaufikiria, nikapanga nitautoa lini. Saru alisema, "Kobe amelala!" Kame hakukasirika. Alipokuwa tayari alisema "Rei", safi kabisa, na tukainama. Sentensi yake ya mwisho ilikuwa "Ame desu", ni mvua. Hilo hata mimi nilikuwa nimeshaligundua.

Nilimsimulia wifi. Akasema, "Anaitwa Kame? Mvua yote hii, na wewe bado una kame?" Alicheka mpaka akajichoma sindano. Mungu si Athumani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefundisha kutoka ndani ya kabati. Kati ya makoti ya mume wangu sauti ni nzuri ajabu, bati halisikiki. Ila giza, joto, na harufu ya dizeli. Nilishika tochi kwa mkono mmoja na kadi kwa mwingine. Katikati ya somo Neko akanong'ona, "Mwalimu, umefungwa? Nimwite baba?"

Jumamosi, 22 Machi

Ujumbe wa Mratibu wa shule: "Mwalimu, wazazi wawili wamelalamikia kelele, na mmoja anauliza kwa nini ulikuwa kabatini. Mkataba unasema chumba tulivu."

Nilikuwa namtungia uongo kuhusu ukarabati wa jirani, wifi akausoma begani kwangu. Ana tabia hiyo. "Mficha uchi hazai," akasema. "Mwambie paa lako ni bati na mvua ni ya Mungu." Nilikasirika, kisha nikaandika hivyohivyo. Mratibu amejibu kwamba anaelewa, lakini mkaguzi haji na fomu ya kuelewa.

Jumanne, 25 Machi

Leo! Leo nimepata kitu!

Mvua ilikuja kama kawaida. Nilikuwa nimechoka kupigana nayo, nikazima maiki yangu kabisa ili nisiwaumize watoto masikio. Nikabaki bubu kwenye kisanduku changu, nimeinua picha ya kiatu, nimemwangalia Usagi kwa sababu zamu ilikuwa yake. Usagi akaniangalia. Nikaigonga picha kwa kidole. Akaelewa! Akawageukia wenzake: "Kore wa nan desu ka?" Wote wanne wakajibu, "Kutsu desu!" Kiatu! Nikainua mwavuli, akauliza, wakajibu. Nikazungusha kidole hewani, akasema "Mō ichido", tena, nao wakarudia. Nusu saa nzima sikutoa neno, na watoto walisema Kijapani kuliko siku zote zilizopita zikijumlishwa. Hata Tora alisikika, kwa mara ya kwanza sikuwa nimemfunika kwa sauti yangu.

Nilikuwa mikono tu. Mwenye zamu ndiye alikuwa mdomo.

Nilitoka mbio sebuleni nikamkumbatia wifi, pini zake zote zikiwa kifuani. Nina matundu saba na sijali.

Ijumaa, 28 Machi

Unyevu unazikunja kadi zangu za karatasi na taa inazing'arisha, watoto hawaoni. Sikumwambia mtu. Nimetoka kuoga nikakuta juu ya meza kadi ishirini za kitambaa, zimetiwa kadibodi ndani, picha zimeshonwa kwa vipande vya nguo za wateja: kiatu, mwavuli, samaki, kiti. Samaki ana macho ya vifungo. Nilimuuliza amezishona saa ngapi. "Kwani wewe ukiwa bubu mle ndani, mimi nafanya nini huku? Nasikiliza," akasema. "Huyo Usagi ana haraka. Kama wewe."

Nilikuwa nikidhani anayatega makosa yangu. Kumbe anajifunza.

Jumanne, 1 Aprili

Saru ameinama mpaka akagonga kibodi kwa kichwa. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua, zamu ya Kame. Sasa kwa kuwa mwenye zamu ndiye mdomo, polepole ya Kame si ya kufungua na kufunga tu, ni ya somo zima. Niliinua samaki. Kame akamtazama samaki. Saru alikwenda kunywa maji, akarudi, Kame bado anamtazama samaki. Kisha: "Kore wa... nan desu ka?" Na wakijibu, haridhiki na jibu la pamoja. Anamwita mmoja mmoja, na kila mmoja anamngojea mpaka aseme. Kadi nne nusu saa! Nilipanga kumi na mbili. Mkono uliniuma kwa kumshika samaki hewani.

Sentensi yake: "Ame desu." Asante, Kame.

Jumanne, 8 Aprili

Ajabu kidogo, naiandika nisije nikaisahau. Neko alikuwa na zamu, nikarudia kadi zote za wiki tatu. Walizojibu bila kusita hata mmoja wao ni nne tu. Ni zilezile nne za Kame.

Ijumaa, 11 Aprili

Usagi, kadi kumi na tano, kasi ya treni. Raha tupu. Mratibu aliingia dakika tano kimya kimya, akatoka.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Wifi anawaambia wateja wake "mō ichido" wakibisha bei. Mmoja amelipa kwa kuchanganyikiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kame. Kadi tano. Anasonga! Sentensi: "Ame desu." Nikaona bibi yake kwa nyuma akiinama pamoja naye, ameshika kiuno.

Jumanne, 29 Aprili

Mratibu amenipigia. Ukaguzi ni Ijumaa tarehe tisa Mei, somo la ishirini, kama ilivyoandikwa. Mkaguzi ataingia kamera ikiwa imefungwa, hatasema chochote, ataondoka. Amenisomea fomu. Swali la tatu: "Sauti ya mwalimu inasikika wazi muda wote?" Nikamuuliza je, mvua ikinyesha? Akasema: "Mwalimu, mimi nakutakia mema. Mweke tu mtoto mwepesi mbele siku hiyo, somo lichangamke."

Nilipokata simu nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya tangu Machi kama si msisimko. Watoto watano, masomo ishirini. La ishirini ni la Kame.

Jumamosi, 3 Mei

Siandiki. Naangalia mawingu.

Jumanne, 6 Mei

Nimefanya jambo na sina raha nalo.

Mwisho wa somo, baada ya Saru kufunga, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na neno, "Ijumaa tutakuwa na mgeni. Zamu atashika Usagi." Hakuna aliyepiga kelele. Usagi alikunja uso. Kame aliniangalia kwa ule muda wake mrefu, nikangoja aseme kitu, na safari hii hakusema. Akainama peke yake, bila kuambiwa "Rei". Kisanduku chake kikazimika.

Nimejiambia ni somo moja tu. Nimejiambia nafanya kwa ajili yao wote, wasitawanywe. Yote ni kweli, na bado sijaweza kuifunga kompyuta.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi, ujumbe kutoka simu ya mamake Usagi, lakini mwandishi ni Usagi: "Mwalimu umekosea kuhesabu. Baada ya Saru ni Kame. Usijali hata mimi hukosea."

Amedhani nimekosea kuhesabu. Mtoto wa miaka tisa ananisitiri, na mimi ndiye niliyekula kiapo.

Mchana simu ikalia. Bibi yake Kame.

"Mwalimu, hujambo mwanangu. Sitakuchelewesha. Nataka kujua kosa la mjukuu wangu ni nini, ili nimrekebishe."

Nikasema hana kosa, bibi.

"Maana tangu ile zamu yake ya mwisho, kila jioni ananisimamisha. Mimi na magoti yangu haya! Nasimama, nainama, nakaa. Nikiinama vibaya, tena. Ananionyesha kijiko, ananiuliza kwa hicho Kijapani chenu, na haniachi mpaka nijibu. Babake huko kazini ni hivyo hivyo, kwenye simu. Jana nikamwambia, haya, tuanze, nisimame? Akasema, 'Kaa tu, bibi. Siyo zamu yangu tena.' Sasa nikasema, labda kakosea jambo."

Nikamwambia nitampigia. Nikaingia kabatini, kwenye yale makoti, nikalia kwa aibu ya kweli. Wifi alifungua mlango wa kabati akakuta miguu yangu.

"Umefungwa?" akauliza. Ameyasikia yote ya darasani, huyu.

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba Kame ni kadi tano, kwamba mvua itanyesha, kwamba swali la tatu nimeshalikosa na siwezi kukosa mengine, kwamba nikifeli nitawapoteza wote watano.

"Sikiliza, wifi," akasema, na akakaa juu ya viatu vya kaka yake. "Mimi nimekaa nyuma ya ukuta huu miezi miwili. Unajua maneno gani nayakumbuka? Samaki, kiti, mlango, maji, kijiko. Ya Usagi yananipita kama upepo. Ya yule kobe wako siyasahau, kwa sababu ananisubiri na mimi."

Nikafungua daftari hili, tarehe nane Aprili. Ipo, kwa mkono wangu mwenyewe. Niliiona nikaiita ajabu, nikaendelea na kasi yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Nilikuwa nimempigia bibi nikamwambia Kame awe tayari. Lakini kuomba radhi kwa simu ni rahisi. Kosa langu nililifanya mbele ya darasa.

Saa tisa na dakika hamsini na nane kisanduku cheusi kikaingia, kimeandikwa "Mkaguzi". Watoto wakaingia mmoja mmoja, nywele zimechanwa, Tora amevaa tai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajiambia, ila sikuhisi kupona.

Nikasema, maiki ikiwa wazi, mkaguzi akisikia: "Kabla hatujaanza. Jumanne nilimnyang'anya Kame zamu yake. Sikukosea kuhesabu, Usagi. Niliogopa mgeni. Niliwaapia kuwa zamu haibadiliki, nikaibadilisha. Kame, gomen nasai. Nisamehe." Nikasimama nikainama, chini kabisa, mpaka nikaona kucha za miguu yangu, na nikabaki huko. Sikujua kwamba Kame atafikiria jibu kama anavyofikiria kila kitu. Damu yote ilihamia kichwani.

"Hai," akasema hatimaye. Ndiyo. Kisha: "Kiritsu."

Nilikuwa tayari nimesimama. Vitumbo sita, na nyuma ya Kame kitumbo cha saba chenye khanga. "Rei." Tukainama, na bibi naye. "Chakuseki."

Na hapo ndipo lile gunia la kokoto likamwagwa.

Nilizima maiki. Swali la tatu, kwaheri. Nikabana spika za masikio kwa vidole, nikainua samaki mwenye macho ya vifungo. Kame akamtazama. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu... mpaka tisa. Zamani ningeigonga kadi. Leo niliushusha mkono, nikauegemeza mezani, nikangoja.

"Kore wa nan desu ka?" Akamwita Tora. Tora alipata muda wa kumeza mate, kusafisha koo, kupata ujasiri, na akasema "Sakana desu" kwa sauti ambayo sikujua anayo. Akamwita Neko. Akamwita Saru, na Saru, huyo kima, alingoja zamu yake ameuma midomo. Kadi ya pili. Ya tatu. Hakuna aliyekosea. Kila mtoto alijibu kila kadi, mzimamzima, kama mtu anayetaja jina lake.

Kisha Kame akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu wala wa mtu yeyote. Aliinama chini ya meza akatoka na mwavuli wa kweli, mwekundu, wa bibi yake. Akawauliza wote wanne. Halafu macho yake yakahama. Nikajua yanakwenda wapi, nikataka kupiga yowe, ila nilikuwa bubu.

"Mkaguzi-san," akasema, kwa ile "san" ya heshima. "Kore wa nan desu ka?"

Wakaguzi hawasemi. Mratibu aliniambia waziwazi. Nikapunga mikono, nikatikisa kichwa, nikachora msalaba hewani. Kame hakuniangalia. Alikuwa ameinua mwavuli mbele ya kisanduku cheusi na anangoja, kwa ule ungojaji wake usio na haraka wala kero, akijua kabisa kwamba jibu lipo njiani. Mvua inapiga bati. Neko amefunika mdomo. Sikuhesabu tena.

Kamera ikafunguka. Mwanamke wa makamo, miwani ya kusomea juu ya nywele, kikombe mkononi.

"Kasa desu," akasema.

Kame akafikiri. "Mō ichido," akasema.

Usagi alifunika uso. Mkaguzi akaweka kikombe chini, akakaa vizuri, akarudia, "Kasa desu." Kame akatikisa kichwa kukubali. Watoto wakapiga makofi. Kamera haikufungwa tena mpaka mwisho.

Kadi saba. Saba! Dakika ya mwisho akasimama kwa sentensi yake. Nikajua, nikatabasamu kabla hajaanza: ni mvua.

"Ame," akasema. Akangoja. Tukangoja. "Ame, suki desu."

Naipenda mvua.

Miezi miwili nimeilaani, nimeipandishia godoro, nimeikimbia kabatini. Yeye alikuwa akiisema kila zamu, kwa sababu mvua ikinyesha ndipo yeye hupewa darasa zima aongee na hakuna mtu mzima wa kumkatiza. Nililia mbele ya mkaguzi, na sikujificha.

"Rei," akasema Kame.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna jibu. Wifi ameshona suruali mguu mmoja mfupi. Anasema ni mimi namtia wasiwasi.

Jumanne, 13 Mei

Mratibu amepiga! Nilijibu "Moshi moshi", haloo ya Kijapani, kama niko Tokyo.

"Umefaulu, Mwalimu," akasema, "ila nina tatizo na fomu. Swali la tatu, sauti ya mwalimu. Pale ilipotakiwa alama, mkaguzi ameandika neno. Sijui nihesabu alama ngapi."

"Ameandika nini?"

"Ameandika: 'Haikuhitajika.'"

Nilipiga kigelegele, wifi akakidaka kutoka sebuleni akakirefusha, mbwa wa jirani akamalizia. Ni wangu, wote watano, mwaka mzima! Nikampigia bibi. Akasema amefurahi, lakini sasa magoti yake yapewe likizo.

Jumanne, 20 Mei

Muhula mpya. Jua kali, mbingu haina hata wingu la kudanganyia. Bati juu yangu linatoa mlio mdogo tu wa kukauka.

Maiki wazi! Nilifungua somo nikiwa na hamu ya miezi miwili. Nikawasalimu, nikawaeleza habari za muhula, nikawaeleza herufi mpya, nikasimulia namna wanafunzi wa Japani wanavyofagia madarasa yao wenyewe, nikauliza maswali na kuyajibu mwenyewe, utamu wa kusikika ukanilevya. Zamu ilikuwa ya Neko. Niliona ameinua kitu mbele ya kamera, karibu na pua, nikaendelea kusema. Usagi naye akainua. Tora, Saru. Kame akawa wa mwisho.

Zilikuwa karatasi, zote zimeandikwa kwa kalamu nzito neno moja ambalo nimewafundisha mimi: "Shizuka ni." Kimya, tafadhali.

"Mwalimu," akasema Neko, "leo ni zamu yangu."

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia wifi akicheka. Nikaangalia nje, jua linawaka. Nikazima maiki, nikainua samaki.